Mrija Uliotolewa Mtungini

Mwaka ule kwetu Burundi walipokuwa wakichagua wabunge, kijijini petu Juru hapakuwa na sanduku la kura hata moja, na bado watu hawakuzungumza jambo lingine. Tulikuwa Uganda, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimepanga chumba Mbarara na kufundisha historia katika shule ya binafsi. Kila Ijumaa nilirudi nyumbani. Pale Kabingo, ambako nilipanda bodaboda, kuta za maduka zilikuwa zimeanza kujaa picha za wagombea wa Uganda, maana nao walikuwa wakijiandaa kwa uchaguzi wao.

"Nyinyi watu ya kambi munapigia nani?" dereva aliniuliza siku moja.

"Hatupigi. Sisi ni wakimbizi."

"Na huko kwenu?"

"Huko hatupo."

Akacheka mpaka pikipiki ikayumba. "Basi nyinyi munapumzika kabisa, nnyabo," akasema, kama wanavyomwita mwanamke kwa heshima kule.

Angemwona baba yangu asingesema hivyo.

Kila jioni baba aliiweka redio yake juu ya kinu kilichogeuzwa, na jirani yetu akaja na kigoda chake. Jirani huyo tulimwita Mzee wa Rumonge, kwa sababu alitoka Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, na kwa sababu hakuturuhusu tusahau. Alikuwa akiuza dagaa sokoni. Baba alitoka milimani. Alilima maharage huko, akalima maharage hapa. Walikuwa wamekutana njiani wakati wa kukimbia, na mwaka wa kwanza familia zetu zililala chini ya turubai moja. Walikuwa na ahadi, ambayo sisi watoto tuliisikia mpaka tukaichoka: siku ya kurudi, watarudi pamoja, na baba atalala Rumonge kwanza, ale samaki, kabla ya kupanda milima yake.

Kati ya vigoda vyao ulikaa mtungi wa impeke, pombe ya mtama ambayo mama aliipika mwenyewe. Kwetu pombe hiyo hainywewi kwa kikombe. Watu wanaoaminiana huingiza mirija yao mirefu ya matete katika mtungi mmoja, wakainama na kuvuta. Kila mmoja wao alikuwa na mrija wake. Ule wa Mzee wa Rumonge ulifungwa waya mwekundu wa umeme shingoni, ili, alisema, watu wa upinzani wasije wakamwibia.

Mtu wa upinzani alikuwa baba. Mzee wa Rumonge alikuwa mtu wa chama tawala, tena wa kuimba nyimbo zake. Sikuwahi kumwelewa.

"Kama chama chako ni kizuri hivyo, uko hapa kwa nini?" nilimuuliza.

"Mtoto, mtu anaweza kuukimbia moto wa jikoni na bado akaipenda nyumba yake."

"Na kama aliyewasha moto yuko bado jikoni?"

"Hapo ndipo shule ilipokuharibu," alisema, akavuta pombe.

Walibishana kwa Kirundi kila siku, nami niliwasikiliza kwa hasira ya mtu aliyesoma. Niliwaza: hawa wanagombania nini? Hakuna mgombea anayejua kuwa wapo. Kura zao hazipo, mashamba yao yanalimwa na wengine, na bado baba alikuwa akiyajua majimbo yote kama mtu anayejua mistari ya maharage yake. Niliamini kwamba ni mchezo tu, kama wazee wengine wanavyocheza bao.

Jioni ya matokeo nilikuwepo. Redio ilitangaza kwamba chama tawala kimechukua kila kiti kilichogombewa.

Baba akacheka. "Kila kiti? Hata Yesu, kwa mitume kumi na wawili tu, alimkosa mmoja."

"Basi watu wetu wamempita Yesu," Mzee wa Rumonge akasema, akasimama na kucheza kidogo, mikono juu, mikono ya mtu anayebeba magunia. Mama alicheka. Dada yangu mdogo, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, alicheka pia. Baba hakucheka tena, na nadhani hilo ndilo lililomchoma jirani, kwa sababu alitaka kupongezwa hata kidogo, hata kwa mzaha.

"Nuna tu," alisema. "Sisi tulioshinda tutarudi nyumbani. Wewe utabaki hapa na redio yako."

Baba alinyoosha mkono, akaushika ule mrija wenye waya mwekundu, akauvuta polepole kutoka mtungini na kuulaza chini kwenye vumbi.

Nilikuwa nimesikia habari za jambo hilo, sikuwahi kuliona. Kumtolea mtu mrija wake ni kumwambia kwamba mdomo wako na wake haitakutana tena katika kitu kimoja. Mzee wa Rumonge aliutazama. Akachukua kigoda chake, akamwambia mama, "Asante kwa pombe, mama wa watoto," na kuondoka. Redio iliendelea kusema peke yake.

Sasa, dada yangu. Alikuwa amechumbiwa na kijana Mkongo, fundi wa baiskeli, ambaye wazazi wake walitoka Uvira. Jumamosi moja ya mwezi uliofuata familia ya kijana ilikuwa ije kumwomba rasmi. Katika sherehe hiyo kila upande huwa na msemaji, mtu wa maneno, na msemaji wetu alikuwa awe Mzee wa Rumonge. Hapakuwa na mwingine. Wakongo hawajui Kirundi, na Kiswahili cha baba kilikuwa cha kununulia chumvi.

"Nitasema mwenyewe," baba alitangaza.

"Kwa lugha gani?" mama akauliza.

Baba akaenda shambani.

Kulikuwa na tatizo lingine, ambalo dada yangu aliniambia tukiteka maji. Wakwe walikuwa walokole, hawagusi pombe. Kwetu waombaji huleta mtungi, na msemaji wao na baba wa msichana huingiza mirija yao humo pamoja. Wakishakunywa, msichana ametolewa. Wasipokunywa, watu wanarudi kwao kwa heshima na hakuna cha kuzungumza.

"Wanataka kuleta soda," dada alisema. "Baba ataona wamemdharau. Na sasa alivyo na hasira, anatafuta mtu wa kumkatalia."

"Basi nendeni ofisini mkaandikishwe. Kwa nini mtu mzima aombwe kama mbuzi?"

Aliweka dumu chini. "Wewe unauliza maswali mazuri sana," alisema, "halafu unarudi Mbarara."

Machozi yalikuwa yakimtoka. Nikambebea dumu lake.

Kesho yake nilikwenda sokoni. Mzee wa Rumonge alikuwa ameketi nyuma ya mafungu yake ya dagaa, akiwafukuza nzi kwa kipande cha boksi. Nilimweleza yote: kwamba baba hana msemaji, kwamba dada analia, kwamba ugomvi wao ni wa viti wasivyoweza kuvikalia. Nilieleza vizuri, kwa hoja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mrija wangu ulitolewa, mwanangu. Siwezi kuingia uani kwenu na kuurudisha mwenyewe, kama mwizi anayerudisha kuku."

"Ulimwambia utamwacha hapa."

Alipangua fungu la dagaa, akalipanga upya. "Nilisema. Mtu akifurahi husema." Kisha akajaza mfuko. "Mpelekee mama yako. Baba yako usimwambie zimetoka wapi. Akiuliza, sema zimetoka ziwani."

Baba alikula dagaa hizo usiku huo. Alisema ni nzuri. Hakuuliza.

Jumamosi ilipofika, tuliazima viti vya plastiki kanisani, tukavipanga pande mbili uani, vikitazamana. Baba alivaa koti lake la kijivu na kukaa katikati ya wazee wachache wa kwetu, midomo ikimtembea. Alikuwa akifanya mazoezi ya Kiswahili.

Wakwe waliingia kwa wimbo. Mbele alitembea baba wa kijana, mwenye Biblia kwapani. Nyuma yake vijana wawili na makreti ya soda. Nilimwona baba akiyahesabu yale makreti kwa macho, uso ukikunjamana. Halafu, mwisho kabisa wa msafara, akaingia mtu aliyevaa koti jeusi akisukuma baiskeli, na nyuma ya baiskeli kulikuwa na mtungi uliofungwa kwa mpira na kufunikwa jani la mgomba.

Alikuwa Mzee wa Rumonge. Aliegemeza baiskeli, akafungua mtungi, akauweka katikati ya pande mbili, kisha akaenda kuketi upande wa wakwe.

Baba wa kijana alisimama. "Bakwe zetu," alisema, "siye hatukunywaka, ni mambo ya kanisa, mutuhurumie. Lakini tukauliza: kwenu banaombaka namna gani? Batu bakatuambia, lazima mutu wa kunywa. Basi tumemuleta huyu, anajua desturi yenu, na Kiswahili anajua mingi. Yeye ndiye mudomo yetu leo."

Walikuwa na furaha kubwa. Ni wazi walidhani wametuheshimu kupita kiasi kwa kumleta mtu wa nchi yetu, tena jirani. Hakuna aliyekuwa amewaambia habari za mrija. Dada yangu, aliyekuwa amefichwa ndani na shangazi zake kama desturi inavyotaka, alinishika mkono kupitia dirisha, akaubana mpaka ukauma.

Mzee wa Rumonge alisimama. Hakumtazama baba usoni, alitazama mtungi.

"Wenye nyumba, tumetembea tangu asubuhi. Tumesikia hapa kuna mbegu nzuri ya maharage. Nasi tuna shamba, lakini shamba tupu. Tumekuja kuomba mbegu moja tu."

Baba akasimama pia. Kiswahili chake kilitoka kimoja kimoja. "Mbegu... mimi nilipanda yote."

"Tutangoja mavuno, baba mkwe."

Watu walicheka kidogo, na ndipo baba alipopata maneno yake, sijui wapi. "Ninyi watu," alisema, "huko nyumbani mulichukua viti yote. Yote! Haikutosha? Sasa munakuja kwangu, munataka na mutoto?"

Wakongo walitazamana, wao hawakujua ni viti gani. Mmoja alisimama na kukisogeza cha kwake mbele kwa adabu, kana kwamba anakirudisha.

Mzee wa Rumonge akasema, taratibu, bila madaha ya msemaji, "Baba mkwe, huko tulichukua. Hapa tunaomba. Hapa ukisema hapana, tunafunga mtungi wetu kwenye baiskeli na kurudi, na hakuna atakayekuuliza sababu."

"Kwa hiyo mulichukua," baba akasema.

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Mbele ya batu."

Mzee mmoja wa kwetu alipiga goti lake kwa kicheko, na kicheko kikapita pande zote mbili, hata kwa wale wasioelewa. Baba hakucheka, ila mabega yake yalishuka. Alitazama mlangoni, ambako hakuweza kumwona dada yangu lakini alijua yuko. Akautazama mtungi.

"Mirija," alisema kwa Kirundi.

Mama alitoka ndani akiwa na mirija miwili mkononi. Mmoja ulikuwa wa baba. Mwingine ulikuwa na waya mwekundu shingoni, umeoshwa, hauna vumbi.

Baba aliushika. "Huu nani aliuokota?"

"Nani anafagia ua huu?" mama akajibu.

Hapo ndipo nilipojiuliza ni batu gani waliowaambia wakwe kwamba lazima mtu wa kunywa, na kwamba mtu mwenyewe anauza dagaa sokoni. Nilimtazama mama. Alikuwa akiwagawia wageni soda, akiwauliza habari za safari. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuuliza.

Baba aliuingiza mrija wenye waya mtungini kwa mkono wake mwenyewe, kisha akauingiza wake. Wanaume wawili wakainama, vipaji vya nyuso vikikaribia kugusana, wakavuta. Walivuta kwa muda mrefu, kwa sababu kuinuka wa kwanza kulikuwa kama kukubali kushindwa, na hakuna aliyetaka kuinuka. Shangazi ndani walianza vigelegele, na dada yangu aliuachia mkono wangu.

Mchana ule wote sikubadilisha mawazo yangu kuhusu uchaguzi. Bado naamini kwamba redio ile ilitangaza habari za watu wengine. Lakini jua lilipoanza kushuka, wakwe wakiimba na makreti yakiwa yamekwisha, niliketi karibu na wale wawili, ambao walikuwa wamerudi kwenye Kirundi chao.

"Mliiba," baba alikuwa akisema.

"Tulishinda."

"Kila kiti?"

"Hebu kunywa."

Baba alikunywa. Akapangusa mdomo, akawatazama wakwe zake wapya na chupa zao za soda.

"Na wewe unataka kurudi Rumonge," alisema, "uniache na ukoo mzima wa watu wasiokunywa?"

Mzee wa Rumonge aliugeuza mrija wake kidogo, akitafuta mahali penye pombe bado.

"Umeniona nikifunga mzigo?" alisema, akainama tena.