Neno Baba Katika Nyumba Yetu

Tarehe sita mwezi wa Februari mume wangu alifariki, na nyumba yetu hapa karibu na Sironga ikabaki bila msomaji. Yeye ndiye aliyetuongoza kusoma Biblia kila Ijumaa jioni, Sabato inapoingia. Alisoma mstari mmoja, binti yetu akasoma uliofuata, na hakuna mstari ulioachwa. Mimi niliishia darasa la nane. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza.

Binti yetu alikuwa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, mjini Kisii. Wenzake walikuja mazishini, wengine wao vijana wa kutoka mbali wasiojua Ekegusii, lugha yetu. Mmoja alisimama mbele ya waombolezaji akasema kwa Kiswahili kwamba wanampa pole mwenzao kwa kumpoteza baba. Sasa, kwetu baba ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita tata. Mama mkwe wangu, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, alishtuka akanishika mkono.

"Baba yake amekufa lini?" akauliza kwa sauti. "Si huyu hapa nimemshika?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka, karibu na jeneza la mume wangu. Sikuona aibu. Angekuwepo, angecheka kutushinda sote.

Binti hakurudi chuoni mara moja. Kwa sababu ya msiba alikuwa amekosa mtihani wa somo la kusoma Kiingereza cha chuo kikuu, zile makala ndefu wanazoandika wasomi, na alikuwa amepewa nafasi ya kuufanya baadaye. Asipopita, angerudia mwaka. Aliniambia waziwazi kwamba akianguka hatarudia. Atabaki nyumbani tuchume majani chai pamoja, nisiwe peke yangu. Alidhani ananifariji. Mimi nilitaka aende. Majani chai nimechuma tangu nilipoolewa, na upweke nilijua nitauzoea mwenyewe, polepole, bila kumfunga mtoto kiunoni.

Mhadhiri wake alimpa makala za kufanyia mazoezi. Tukishapeleka majani kituoni aliketi kwenye meza ya jikoni, mimi nikimenya ndizi. Alisoma kama tulivyosoma Ijumaa, kwa sauti, neno kwa neno. Akikutana na neno gumu alisimama, akalitafuta kwenye simu, kisha akarudi mwanzo wa aya. Makala moja ilimla mchana mzima. Alipofika mwisho hakuweza kuniambia inataka nini, ila kwamba ina mambo mengi ya mvua na mashamba ya milimani.

Swali lililomshinda lilikuwa chini ya kila makala: eleza "argument" ya mwandishi. Yeye alijua argument ni watu kubishana. Basi alipekua kurasa zote akitafuta mwandishi amegombana na nani, asimpate. Akaandika kwamba huyu ni mtu mpole, hana ugomvi na yeyote. Mhadhiri alimrudishia karatasi ikiwa na alama kubwa ya kuuliza, bila neno.

Siku hiyo alitupa kalamu. Kisha akampigia mwenzake, yule yule aliyesema mazishini. Yule kijana alimweleza kwamba kwenye makala za wasomi argument si ugomvi, ni hoja, lile jambo ambalo mwandishi anataka ulikubali. Binti alikata simu. Halafu akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu tumzike tata yake.

"Baba," akaniambia, "nimefanya kama nyanya siku ile aliposikia wewe ndiye umekufa."

Tangu hapo alibadilika. Lakini jambo moja alikuwa bado analikataa. Mhadhiri aliwafundisha waangalie kwanza vichwa vya sehemu, mwanzo na mwisho, ndipo waingie katikati. Kwake hilo lilikuwa kuruka mistari. Alisema tata asingelikubali. Nikamwambia ukweli.

"Tata yako Biblia hakuruka. Gazeti alianzia nyuma, kwenye mpira, na sijawahi kumwona akilimaliza."

Alikumbuka.

Akaanza kusoma makala kama gazeti la tata yake. Alipitia juu juu, akatafuta hoja, akasoma kwa makini pale tu ilipokuwa. Kisha aliifunika karatasi na kunieleza kwa Ekegusii. Sehemu nyingine sikuelewa, na nilimwambia sijaelewa. Mara nyingine nilimuuliza huyo mwandishi ameambiwa na nani, naye akafunua tena kutafuta. Mchana mmoja alichora mstari chini ya neno "however", yaani hata hivyo, akaniita nije kuona, ingawa alijua siwezi kusoma ukurasa ule.

"Hapa ndipo anapogeuka, baba. Huko juu kote alikuwa anatueleza waliyosema wengine. Ya kwake yanaanzia hapa."

Nilikuwa na uhakika atapita. Sikumwambia, lakini nilikuwa nao.

Siku ya mtihani alitoka mapema. Miwani ya tata aliikuta ndani ya Biblia alipoifungua kabla ya kuaga, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha palepale. Majibu yalitoka baada ya muda, akiwa tayari amehamia bweni tena. Ujumbe ulipoingia nilikuwa jikoni na mama mkwe. Binti huandika kwa Kiswahili kwenye simu, nami nikausoma kwa sauti kama ulivyokuwa: "Baba, nimepita."

Mama mkwe aliangalia mlangoni.

"Amepita wapi?" akauliza. "Mbona hajaingia anywe chai?"

Nilimweleza kwamba ni mtihani, kwamba mtoto yuko Kisii na atabaki huko. Akasema vizuri, akaendelea kuangalia mlango.

Hata hivyo nilibandika chai.