Babu Yake Yuko Darasa la Tano

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya mtama, na Nikodemo Kondo anafundisha darasa lisilo na mtu.

Madawati ni matupu. Anauliza swali, anasubiri, anaitikia kwa kichwa kana kwamba amejibiwa, anamsifu mtoto ambaye hayupo, kisha anageukia ubao na kuandika. Vumbi la chaki linaelea kwenye mwanga wa dirishani na kuchukua muda mrefu kutua. Kutoka bondeni inasikika sauti ya mtu anayefukuza ndege shambani, mbali sana, kama anayeimba peke yake.

Anapita kati ya safu za madawati. Akifika dawati la tatu upande wa dirisha, anapunguza sauti, anaweka chaki chini na kuinama kidogo.

"Shikamoo, babu," analiambia dawati.

Hana wazimu. Nimekaa naye siku kadhaa katika shule hii ya kati iliyo kilimani, juu ya kijiji cha Njinjo, na niko tayari kumtolea ushahidi. Anachokifanya ni mazoezi. Leo saa nne mkaguzi anarudi kumtazama akifundisha hesabu, na hii ni mara ya pili. Mara ya kwanza hakufaulu, na mara ya tatu haipo.

Nikodemo ana umri wa miaka ishirini na saba. Mwaka jana, 1958, alipata digrii yake Makerere, hesabu na jiografia, jambo ambalo katika vilima hivi halikuwa limewahi kusikika. Angeweza kuvaa tai na kuketi ofisini Dar es Salaam. Badala yake akaomba mwaka mmoja zaidi wa diploma ya ualimu, na mwaka huo haukamiliki mpaka mtu asimame mbele ya watoto wa kweli na mkaguzi akae nyuma kimya akitazama. Aliomba aje kufanyia huku kwao. Chuo kilisitasita, kisha kikakubali.

Watu wa Njinjo hawajamwelewa hadi leo. Siku ya pili baada ya kufika, mama mmoja anayeuza mihogo alimsimamisha njiani.

"Si tuliambiwa umemaliza?" akamuuliza.

"Nimemaliza kusoma, mama. Sasa najifunza kufundisha."

"Kumbe ni vitu viwili?"

Nikodemo anacheka akinisimulia. Anasema mihadhara yote ya chuoni ilikuwa inazunguka palepale, ila yule mama alifika kwa swali moja na ndoo kichwani.

Siku niliyopanda lori la chumvi kutoka Nangurukuru kuja huku, nilikuja kuandika gazetini habari za kijana msomi aliyerudi nyumbani. Habari hiyo ingeandikika kwa jioni moja. Nilichokikuta ni kingine, na ili kukielewa inabidi nieleze kwanza habari za jina.

Katika ukoo wa mama yake Nikodemo, mtu mzima akifa jina lake halizikwi. Siku ya kuondoa matanga wazee hukaa, wakamchagua mtoto mmoja wa ukoo, wakamkalisha kwenye kigoda cha marehemu na kumpa jina lake pamoja na vitu vyake vidogo. Kuanzia hapo yeye ndiye marehemu. Wajukuu wanamwita babu. Watoto wa marehemu, hata wenye mvi, wanamwita baba na kumpa shikamoo, naye anaitikia marahaba bila kuona haya. Waislamu wa ukoo wanafanya hivyo na Wakatoliki wa ukoo wanafanya hivyo, na padri alishachoka kuuliza.

Babu mzaa mama wa Nikodemo, mzee Likwata, alifariki Nikodemo akiwa Kampala. Habari zilimfikia baada ya mazishi. "Nililia kwenye bustani ya chuo, mchana, watu wanapita," anasema. "Sikujali. Yule mzee ndiye aliyenilea. Kwa muda mrefu nilikuwa namwota amesimama mlangoni mwa ukumbi wa mihadhara na jembe lake begani, haingii. Nikimwita ananionyesha miguu yake, ina udongo."

Jina la mzee alipewa mtoto wa mama mdogo wake Nikodemo. Mtoto huyo sasa ana miaka kumi na miwili, meno ya mbele yana mwanya, na mfukoni mwa kaptula ana kikopo cha ugoro cha marehemu, ambacho kwa sasa kina gololi. Yuko darasa la tano. Anakaa dawati la tatu upande wa dirisha.

"Siku ya kwanza niliingia na maandalio yangu ya somo, nimejiandaa vizuri," Nikodemo anasimulia. "Wanafunzi wakasimama. Macho yangu yakamwona yeye, na kabla sijafikiri lolote nimeshainama na kusema shikamoo. Akaitikia, 'Marahaba, mjukuu wangu, hujambo?' Darasa zima halikuona ajabu. Mimi ndiye niliyetokwa na jasho."

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na lilikuwa kosa la adabu. Angewezaje kumwambia babu yake asimame? Angemwulizaje swali mbele za watu, akishindwa aaibike? Wengine aliwasimamisha, akawapeleka ubaoni, akawasahihisha. Akifika kwa Likwata, alimruka. Babu akikosea hesabu kwenye daftari, Nikodemo aliandika alama ya pata kwa mkono mwepesi, akafunua ukurasa mwingine. Walimu wengine, wasio wa ukoo, walimfundisha na kumchapa kama mtoto yeyote. Katika hesabu peke yake Likwata akawa mzee anayeheshimiwa, na asiyejua kitu.

Mkaguzi alikuja mwezi wa sita. Ni Mzungu mrefu, mpole, wa kutoka chuoni, anayezungumza Kiswahili taratibu kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikaa nyuma kipindi kizima. Baadaye alimsifu Nikodemo kwa sauti yake, kwa ubao wake, kwa mifano yake. Kisha akasema neno ambalo Nikodemo analirudia kwa kulikariri.

"Darasani kwako yuko mtoto mmoja ambaye hana mwalimu."

Hakutaka maelezo. Alisema atarudi mwezi wa saba kabla hajapanda meli Lindi, na kama mtoto yule atakuwa bado hana mwalimu, hawezi kuiweka sahihi yake. Bila sahihi hiyo hakuna diploma, na digrii ya Nikodemo ingempeleka kulekule ofisini alikokuwa akikukimbia.

"Kilichoniuma si diploma," anasema, halafu anajisahihisha. "Hapana, diploma iliniuma. Lakini zaidi niliona kwamba nimemdhulumu babu yangu kwa kumheshimu."

Mwalimu mkuu, Rafaeli Sebastiani, mtu wa uwanda wa Makonde mwenye sauti nzito na moyo laini, alimshauri ampeleke Likwata kufagia ghala siku ya ukaguzi. Nikodemo alikataa. Akakaa wiki nzima bila kula vizuri.

Aliyemwokoa ni mama yake. Mama Tekla anaishi chini ya kilima na anafuma mikeka. Nilipomtembelea alikuwa akigawa uji, na Likwata yupo, amekaa kwenye kigoda.

"Baba, uji utapoa," akamwambia yule mtoto.

"Haya, mwanangu," mtoto akaitikia, akapokea kwa mikono miwili.

Nilimuuliza Mama Tekla alimwambia nini mwanawe. Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nilimuuliza, wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unamwogopa babu yako tangu lini? Ulikuwa unamwibia ugoro. Ulikuwa unamwambia kwamba bibi yako ni mke wako, yeye mzee aondoke nyumbani kwako. Anakukimbiza na fimbo huku anacheka. Babu na mjukuu ni watani. Kusoma kwako huko kumekufanya ukumbuke shikamoo, ukasahau masihara."

Kesho yake Nikodemo alijaribu utani kidogo darasani, nusu mzaha, kwa sauti ndogo. Likwata akajibu. Siku iliyofuata akajaribu tena. Lakini Mwalimu Rafaeli alimwonya: utani darasani unaleta kelele, na mkaguzi akisikia kelele ataandika kwamba mwalimu hana nidhamu.

Kwa hiyo asubuhi hii, mbele ya madawati matupu, Nikodemo anafanya mazoezi ya jambo ambalo hajui kama atathubutu kulifanya.

Saa nne mkaguzi yuko nyuma, magoti yamebanwa na dawati dogo. Somo ni kujumlisha sehemu. Ukungu umekwisha na jua limelala sakafuni. Watoto arobaini na ushee wametulia kuliko kawaida yao. Nikodemo anaandika ubaoni nusu jumlisha theluthi, kisha anageukia dawati la tatu.

"Babu," anasema. "Njoo utusaidie."

Likwata anatembea taratibu kama mtu mwenye mvi. Anachukua chaki, anajumlisha vya juu, anajumlisha vya chini, anaandika mbili ya tano. Anarudi nyuma hatua moja kuitazama kazi yake, ameridhika.

Mwalimu Rafaeli, aliyesimama mlangoni, anatazama viatu vyake.

"Babu," anasema Nikodemo, "zamani ulikuwa ukitugawia kuku, paja lako, kifua chako, sisi unatupa shingo, halafu unasema umegawa sawa. Leo umenipa nusu ya muhogo, ukaniongezea theluthi, na jumla imekuwa ndogo kuliko ile nusu uliyonipa mwanzo. Uzee huu au choyo?"

Darasa linapasuka kwa kicheko. Mkaguzi anainua kichwa. Likwata anashika kiuno, anamtazama mwalimu wake kutoka chini kwenda juu.

"Mjukuu wangu una njaa tangu uzaliwe," anasema. "Haya, nionyeshe mgao wako wa haki."

Nikodemo anatoa muhogo mezani na kisu. Anamwachia Likwata mwenyewe akate vipande sita. Nusu ni vingapi? Vitatu. Theluthi ni vingapi? Mtoto anahesabu kwa kidole, anasita, anaanza tena. Viwili. Jumla? Anatazama vile vitano kwa muda. Sote tunangoja, na mimi, niliyechukia hesabu tangu utoto, najikuta nahesabu vipande pamoja naye. Anafuta ubao kwa kiganja na kuandika tano ya sita.

"Na hiki kilichobaki ni changu," anasema, anakitia mfukoni pamoja na gololi zake.

Kipindi kilipokwisha mkaguzi alimwita Likwata nje, kivulini mwa ukuta, na kumwuliza kwa Kiswahili chake cha kukanyaga mawe nani amemfundisha hesabu ile.

"Mjukuu wangu," Likwata akajibu.

Mkaguzi alimtazama mtoto, akamtazama Nikodemo dirishani. Aliandika, akafunga kalamu, akampa Nikodemo mkono kwa muda mrefu kuliko desturi. Matokeo yatatoka Kampala mwisho wa mwaka. Mwalimu Rafaeli anasema mkono wa namna ile haupewi mtu aliyeshindwa. Mimi pia naamini hivyo, ingawa gazeti halinilipi kwa kuamini.

Nilimuuliza Nikodemo atakwenda wapi diploma ikitoka, maana watu wa aina yake wanatafutwa na shule kubwa kila mahali. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za darasa, mikono imejaa chaki. Watoto walikuwa wakiteremka kilima kwenda makwao, na Likwata nyuma yao, hana haraka, anatafuna muhogo mbichi.

"Nimeomba nibaki hapahapa," alisema. "Babu hakujua kusoma. Siku ninaondoka kwenda chuo alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia nimfundishe japo jina lake, apate kuliandika. Nikamwambia, babu, ngoja kwanza nimalize. Akasema haya, nangoja."

Akajipangusa mikono kwenye suruali, taratibu.

"Safari hii simwambii angoje."