Pole Zilizotikisa Gari

Mwaka 2013, wiki tatu baada ya kumzika mama, niliendesha gari la majaribio kati ya Lodwar na Kakuma. Nilikuwa nimenyoa kichwa, kama tunavyofanya tukifiwa. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, kwa hiyo nitakieleza kile kisanduku tulichokuwa tukikijaribu jinsi nilivyokielewa.

Kilifungwa sakafuni nyuma ya kiti changu. Waya wake ulipanda hadi juu ya paa kupokea mawimbi ya setilaiti. Ndani mlikuwa na vipimo vinavyohisi kila mtikisiko na kila kona, ili setilaiti zikipotea kiendelee kujua tulipo. Injinia, dada kutoka Nairobi, alitaka kujua kama kinasema kweli. Karibu na Kakuma tulisimama penye vibanda, gari likae bila kutikisika dakika kumi ili kisanduku kijifunze kutulia kukoje. Kisha alichomoa waya wa paa, nami nikaendesha hadi alama nyeupe aliyoipima kando ya barabara. Kosa lisizidi mita thelathini.

Siku ya kwanza, kwenye ramani, kisanduku kilituweka katikati ya mto Tarach. Siku ya pili, ng'ambo yake.

"Kesho kikikosea nakirudisha," akasema. "Nitaandika hakifai." Miaka miwili ya kazi yake ilikuwa humo.

Mimi nilijua kitu. Pale vibandani, yeye akiwa kivulini na kompyuta yake, watu waliona kichwa changu wakaja dirishani. Walinishika mkono, wakaegemea mlango. Mmoja alipanda, akakaa kando yangu akalia. Kwetu humfukuzi mtu aliyekuja kukupa pole. Lakini kumwambia injinia ningeweza, na sikumwambia. Niliogopa kupoteza kazi.

Asubuhi ya tatu nikasema, "Injinia, gari halikutulia. Ni mimi."

Nilipomaliza kueleza, akauliza, "Watu wangapi?"

"Jana, kama kumi na watano."

"Na kisanduku kikadhani mtikisiko wote huo ndio kutulia!" Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akanipa mkono. "Samahani, mzee. Pole sana kwa mama."

Siku hiyo nilivuta breki ya mkono, nikashuka, nikaenda kusimama mbali juani. Mama mmoja muuza makaa akanifuata.

"Ejok," akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok noi, mama."

"Wewe iko na gari lakini nasimama jua? Gari nakufukuza?"

"Imelala, mama. Tusiamshe."

"Gari gani nalala saa nne asubuhi! Haya, lete mkono."

Wengine wakaja, na pole zote nikazipokea hapo hapo. Nyuma yetu injinia alikuwa akifukuza mbuzi wasijikune kwenye magurudumu.

Tulipofika kwenye alama, kosa lilikuwa mita kumi na moja. Injinia aliruka akapiga kelele. Nikadhani tumemaliza.

"Bado," akasema. "Mara moja inaweza kuwa bahati."

Tukarudi vibandani, nikashuka tena juani. Tisa. Tukarudi tena. Mara ya tatu aligeuza kompyuta upande wangu.

"Soma mwenyewe, mzee."

"Kumi na tatu!" nikasoma, kwa sauti iliyowafanya watu wa bodaboda wageuke.

Akaandika kwamba kinafaa. Nikamwomba aandike pia makosa ya siku mbili za kwanza yalitoka kwa nani. Akaandika, nami nikatia sahihi.