Kibao cha Kijani cha Fundi wa Mbugangari

Kwa muda mrefu niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba fundi wa redio wa Mbugangari alikuwa na kibao cha kijani kinachovusha maneno yetu mpaka, hadi Kongo. Kila taa yake nyekundu ikikonyeza, siri moja ya Gisenyi imeshafika Goma. Fundi huyo amefariki, tumemzika Jumanne, nami naandika kwa sababu uvumi ule ulipata miguu kutoka kwangu.

Alikuwa amerudi kutoka Tanzania, mpole kuliko uji uliopoa. Siku nilipompelekea redio yangu nilimkuta amepachika kile kibao juu ya kompyuta ndogo, nyaya zimechomoza kama ndevu za kambale, na mwisho wake kuna kidude cha ukubwa wa ukucha. Nikamuuliza anafanya nini. "Nakilisha umeme, ndugu yangu, halafu nakifundisha kazi." Mimi, ambaye cheti changu cha shule ya jioni nimekitundika juu kuliko picha ya harusi, nikajua hapo hapo kuna jambo.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tulipomaliza kuzibua mtaro na kukaa mkutanoni, nikasimama. "Ile taa inamkonyeza nani?" Jirani yangu muuza sambaza, vidagaa vya ziwani, akadakia: "Bon, mi pia niliona. Iko inawaka tu. Mutu wa redio anatafuta nini na ordinateur, ile kompyuta?" Fundi akasema taratibu, "Njooni muone, jamani." Hakwenda mtu. Mwezi haukuisha, meza yake iliyofurika redio za nusu ya wilaya ikabaki na vumbi. Hata yangu niliichukua ikiwa wazi, betri mfukoni.

Sisi wa mpakani humuuliza mtu atokako kabla ya kumpa kiti, na sioni aibu kwa hilo. Aibu ni kwamba jambo nisilolijua nililiita hatari, na mwenye kulijua aliponikaribisha, sikunyanyua mguu. Hata kilioni macho yangu yalizunguka nyumba nzima yakikitafuta kile kibao.

Nilikiona mezani. Kando yake alikaa mama mmoja mfugaji wa kuku kutoka Rugerero. Nikamnong'oneza, "Mama, hiki kinapeleka wapi maneno?"

Akanitazama kidogo. "Hakipeleki maneno, baba. Kinavipa umeme vidude vinavyounganishwa nacho na kuviingizia maagizo. Alikuwa ananitengenezea kipimajoto cha sanduku la kutotolea vifaranga. Taa ikiwaka, umeme umefika. Basi."