Neno Alilotuletea Nuru

Sisi tuliokulia Jomvu Kuu kabla ya bendera kubadilishwa, Kiingereza hakikutujia kwa simu. Kilikuja kwa miguu, neno moja moja, pamoja na mtoto aliyetoka skuli akiwa na vumbi mpaka magotini. Leo mjukuu wa miaka minne akwambia "sori, bibi" na ukimwita hajui kuitika "abee". Sisi neno moja lilitutosha mwezi mzima.

Nyumbani kwetu mletaji alikuwa mdogo wangu Nuru. Wazee wetu walifariki mmoja baada ya mwingine, nami niliye mkubwa nikaacha skuli darasa la tatu, nikawa nasuka makuti ya kuezekea ili Nuru na mdogo wetu Salim wale na wasome.

Siku moja Nuru akarudi na selfishi. Mwalimu aliwaeleza kuwa ni mtu anayeitazama nafsi yake tu. Tukalipeleka neno moja kwa moja kwenye sinia. Wali wa nazi ulilundikwa, samaki akalazwa juu, na ada ya kwetu ni kuwa kitoweo hakiguswi mpaka mkubwa akigawe. Salim akitangulia kunyoosha mkono, hukumu ilikuwa ile ile: selfishi. Jirani aliyefunika chungu alipotuona tukipita naye tulimwita hivyo, kwa kunong'ona, maana adabu ilikuwapo. Mimi nililipenda neno hilo kuliko wote kwa kuwa halikunihusu. Mgawaji nilikuwa mimi, na fungu langu la kila siku lilikuwa mkia, wenye miba.

Kisha Nuru akafaulu mtihani wa darasa la nne. Karibu nasi hapakuwa na skuli ya kumwendeleza msichana. Ilikuwako Likoni, hatua chache kutoka kwa mama mkubwa, dada yake marehemu mama. Mama mkubwa akavuka kivuko mwenyewe, akaniomba akae na Nuru. Nikakataa. Nilimwambia mama hakupenda tutawanyike. Hakubishana nami, alisema atarudi Ijumaa, maana nafasi ile haitangoja zaidi.

Nuru hakulia wala hakununa. Aliteka maji, akafagia, akanipangia makuti. Alhamisi mchana nikamkatia mnofu wa tumbo la samaki, ulio mtamu kuliko wote. Hakuugusa. Aliinamisha macho, akasema taratibu:

"Dada, niwie radhi. Lile neno tulilikosea. Tulidhani ni la chakula tu."

Salim akacheka, akifikiri ni mchezo wetu wa siku zote. Nikamuuliza Nuru ana maana gani, ingawa moyo ulishajua.

"Kila ulicho nacho wanipa, dada. Mimi tu ndiye usiyetaka kunitoa."

Mtoto wa miaka kumi na mmoja. Angelisema kwa ukali ningempiga kofi, na jambo lingeishia hapo. Adabu yake ndiyo iliyonishinda. Wallahi, sikuwa nikimtetea mama. Nilikuwa naogopa upande wa mkeka utakaobaki mtupu, na nyumba ambamo hakuna atakayeniletea neno jipya.

Ijumaa mama mkubwa alipopiga hodi, alikuta nguo za Nuru zimefungwa. Hakuniuliza kilichonigeuza. Alinishika kichwa tu, akaniombea dua.

Nuru alikuja kuwa mwalimu, na wasichana aliowasomesha, wengine leo ni bibi kama mimi, wakinikuta njiani bado hunishika mkono kwa ajili yake. Mimi namstahi kwa jambo moja kuliko yote: alikuwa na haki, na hakupaza sauti.

Siku hizi neno lile lina kelele kila nyumba. Mume amwita mke, mtoto amwita mzazi, kila mmoja amnyooshea mwenziwe kidole. Enzi zetu lilisemwa kwa maana yake kamili mara moja tu, na mtoto, kwa sauti ya chini, na mkubwa akalisikia. Sasa wasemaji ni wengi. Sijui nani asikiaye.