Swali la Kumi na Moja

Siku yangu ya kwanza katika utafiti wa mapigo ya moyo nilikabidhiwa kalamu ya wino wa bluu na kuambiwa nisithubutu kufuta kitu. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, unaandika lililo sahihi pembeni, kisha unatia sahihi na tarehe. Nilicheka kimoyomoyo. Nilikuwa nimetoka Mpwapwa, nimefanya kazi wodini miaka mingi chini ya Matroni aliyeweza kukusikia ukiburuta viatu akiwa jengo la pili, na sasa nimekuja Dodoma mjini kufundishwa kushika kalamu!

Mtafiti Mkuu wetu alikuwa daktari bingwa wa moyo, mzaliwa wa Bukoba, mtu mpole asiyejua kupaza sauti. Siku hiyohiyo aliniita kwenye ECG, mashine inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi ya vimraba, akaniwekea karatasi mbili mezani.

"Hii ni ya kwako, tumekupima asubuhi. Umeona vilima vinavyofuatana sawasawa? Sasa tazama hii ya mgonjwa."

Vilima vya mgonjwa vilikuja vinavyotaka, viwili vimebanana, cha tatu mbali.

"Vyumba vya juu vya moyo wake vinatetemeka tu, havisukumi," akasema. "Damu inatuama. Ikituama inaganda, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Dawa ya kuzuia ipo. Tunachotafuta ni jinsi inavyowafaa watu wa huku, maana vitabu tulivyosoma havikuandikwa Dodoma."

Dawa yenyewe ni warfarini, na ni korofi. Ikipungua, damu inaganda. Ikizidi, mgonjwa anatokwa na damu. Kwa hiyo kila mwezi tulimtoboa mgonjwa kidole na kusoma INR, namba inayoonyesha damu yake inachelewa kiasi gani kuganda. Tulitaka ibaki kati ya mbili na tatu. Mboga za majani huipunguza dawa hii nguvu, ndiyo maana kwenye dodoso letu swali la kumi na moja liliuliza: tangu tulipoonana, chakula chako kimebadilika?

Hapo ndipo nilipoharibu, na ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii ili mjue niliharibu vipi.

Mimi ni Mgogo. Nimekuzwa kwa ugali wa uwele na mlenda, mboga yetu ya majani inayoteleza, mbichi wakati wa mvua, wa kukausha wakati wa kiangazi. Kumuuliza Mgogo mwenzangu habari za mlenda niliona ni sawa na kumuuliza kama anapumua. Foleni ilikuwa ndefu, maswali yalizidi thelathini, na wagonjwa wengine walikuwa na Kiswahili cha kuombea maji. Nikajizoeza: nikifika la kumi na moja najaza "hapana" bila kuinua macho. Wenzangu waliotoka mikoa mingine waliuliza kila mara, kwa sababu hawakujua. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini mimi nilikuwa najua.

Alikuwepo mgonjwa wetu mmoja wa Kibakwe, Mama Yoeli, Mgogo mwenzangu, mkulima, mwanamke wa maneno. Akiingia kliniki benchi zima linacheka.

"Nesi, viatu vipya hivyo! Unaolewa tena?"

"Nani atanioa mimi, Mama Yoeli, na kelele zako hizi?"

Ilituchukua miezi kupata dozi yake. Kila tukipima, damu ilikuwa nzito, tukapandisha kidogo, tukapandisha tena, mpaka namba ikatulia. Nilijivunia namba ile kana kwamba nimeizaa.

Mwezi mmoja alikuja kliniki mapema kuliko watu wote. Nikamtania, "Leo umewahi, umelala getini?" Akacheka. INR yake ilikuwa imepita tatu kwa kiasi kidogo. Nikajaza fomu, nikaandika "hapana" yangu, nikampelekea Mtafiti Mkuu. Akaisoma kwa makini. "Dawa hajabadilisha, chakula hakijabadilika. Basi tusiiguse dozi, tumwone tena mwezi ujao." Kwa karatasi niliyompa, aliamua vizuri.

Haikufika hata wiki mbili, Mama Yoeli akaletwa anatoka damu puani, khanga mbili zimelowa. INR ilikuwa juu mpaka kifaa chetu kikashindwa kuisoma. Tukamchoma sindano ya vitamini K, akaongezewa plazma, na jioni damu ikakata. Mwanawe Yoeli, kijana aliyekwisha kuoa, alikuwa amekaa korido. Nikamuuliza mama yake alikuwa anakula nini.

"Si alikuwa Makutupora, Nesi, anakata zabibu. Wiki ya tano sasa. Kule vibarua wanapikiwa ugali na maharage tu. Mlenda ataupata wapi?"

Kumbe ndiyo maana siku ile aliwahi. Makutupora ni karibu na kliniki kuliko Kibakwe.

Dozi yake tuliipanga akiwa anakula mlenda kila siku. Mlenda ulipoondoka, dawa ikabaki peke yake ndani ya mwili wake. Nilikwenda ofisini kwa Mtafiti Mkuu.

"Daktari, swali la kumi na moja sikumuuliza."

"Hukumuuliza siku ile?"

"Sijawahi kumuuliza. Wala Wagogo wengine."

Akavua miwani. Nikatamani angenitukana. "Unajua kwa nini nilikuchukua wewe na kuwaacha wengine?" akasema. "Kwa sababu wagonjwa hawa ni watu wako. Andika barua, usipunguze kitu."

Niliandika. Kamati ya maadili ikaamuru majibu yangu yote ya swali lile yatolewe kwenye utafiti, kazi ya miaka kadhaa. Mimi nikapewa onyo na kusimamishwa kwa muda. Niliona aibu, lakini aibu hiyo ilikuwa yangu kwa haki.

Mama Yoeli alipotoka hospitali nilimfuata Kibakwe kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Nesi," akasema, "mimi ninavyopenda kusema hivi! Ungeniuliza, ningekuambia."

Nikamwambia turudie dawa, kwa dozi ndogo, kwa uangalifu. Akakataa. Alisema dawa iliyomwaga damu yake hawezi kuirudia. Nikambembeleza, nikamweleza habari za kiharusi kwa Kiswahili na kwa Kigogo. Akatabasamu, akanifungia karanga. Fomu ya ridhaa inasema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Mimi ndiye niliyemsomea.

Mvua zilipoanza, Yoeli alinipigia simu. Mama ameamka upande wa kulia umelegea, na maneno hayatoki.

Nilirudi kazini na nikafanya kazi mpaka umri wa kustaafu. Waliniaga kwa soda, keki na kitenge, na Mratibu wa utafiti akanisifu kwamba sikuwahi kukosa kliniki. Ni kweli, sikukosa. Vijana, kufika ni sehemu ndogo. Mtu unayedhani unamjua ndiye wa kumuuliza zaidi, kwa sababu usiyemjua utamuuliza tu hata bila kufundishwa.

Siku hizi naishi Mpwapwa. Kila mwezi napanda basi kwenda Kibakwe. Mama Yoeli amerudia dawa. Yoeli humpeleka kupima. Nikifika namshika mkono, nahesabu mapigo dakika nzima, maana moyo wa namna ile ukiuhesabu nusu dakika unakudanganya. Kisha namuuliza, tangu tulipoonana, amekuwa akila nini. Ananitazama. Mdomo unahangaika, sauti inatoka haina neno ndani yake. Yoeli hutaka kumjibia, namwambia amwache mama aseme mwenyewe. Ninakaa pale, ninangoja.