Mzee Aliyechukua Kilio cha Mama

Watu wakiniuliza yule mzee alikuwa mtu wa namna gani, huwajibu kwamba alikuwa mwizi mwenye adabu. Hucheka, wakidhani natania. Sitanii. Nilimhudumia miaka miwili na ushei nyumbani kwa binti yake huko New Hope, Amerika. Nilimwogesha, nikamvisha soksi, nikampima sukari kila asubuhi kabla ya chai, na hakuna siku hata moja aliyonipandishia sauti. Alisema tafadhali hata akiomba kijiko. Lakini kile alichonichukulia hakuna kituo cha polisi ninachoweza kwenda kukiripoti.

Alikuwa Mwingereza, mwigizaji wa filamu na televisheni. Si wale wanaombusu msichana mwishoni. Yeye alikuwa mtu wa pembeni: hakimu anayesoma hukumu, kasisi wa harusini, daktari mlevi, jenerali wa Kijerumani, mzimu wa babu fulani, mtumishi anayefungua mlango na kusema chakula kiko tayari. Tulipompeleka kununua viatu kule Bloomington, watu walimkodolea macho wakamuuliza wamekutana wapi. Naye aliwajibu kwa upole kabisa, "Labda niliwahi kukufunga jela." Uso wake ulijulikana na nusu ya dunia, na jina lake lilijulikana na mtu wa posta tu.

Mimi nilimjua kabla hajafungua kinywa. Nilipokuwa msichana kule Taita, jirani yetu mwenye televisheni alituita Jumapili mchana, watoto chini, wazee kwenye viti. Siku moja ikaonyeshwa filamu ya enzi za ukoloni, na mkuu wa wilaya ndani yake alikuwa katili mwenye sauti ya taratibu. Baba yangu alishindwa kuvumilia, akatoka nje. Basi siku yangu ya kwanza kazini namkuta huyo huyo mkuu wa wilaya amekaa dirishani na blanketi magotini, nyonga imevunjika. Nikasema moyoni, ala, kumbe ni wewe.

Nilimsimulia habari ile. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza, "Baba yako alitokaje? Aliinuka polepole, au alisukuma kiti?"

Ningekuwa na akili, ningeondoka siku hiyo hiyo. Lakini nilimwonyesha. Nilisimama vile baba alivyosimama, mkono mmoja ukikunja kofia. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, na baada ya chakula cha mchana nikamwona ameketi anakunja kofia isiyokuwepo.

Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote, na hakuificha. Alizaliwa mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza, mtoto wa muuza samaki, tena mwenye kigugumizi. Aligundua kwamba akiiga sauti ya mteja, kigugumizi kinaisha. Basi akaiga kila mtu aliyeingia dukani. Akaenda jeshini akaiga masajini. Akazunguka na vikundi vya maigizo, mji huu wiki hii, mji ule wiki ijayo, halafu wakamwita kwenye filamu, na hakutoka tena mpaka uzee. Mkono wa yule hakimu ulikuwa wa mwalimu wake mkuu. Kicheko cha jenerali kilikuwa cha mama mwenye nyumba aliyopanga akiwa kijana. Hata kuchechemea kwa mzimu kulikuwa na mwenyewe, jirani yao aliyepigwa teke na farasi. Mke wake alikuwa Mmarekani wa Saint Paul, na alipofariki, binti yao akamleta mzee huku kwenye theluji ili asife peke yake.

Sisemi uongo, nilimpenda. Alinichekesha. Alimwigiza msimamizi wa ejensi iliyoniajiri, yule mama anayefungua kila sentensi kwa kushusha pumzi, mpaka nikaketi chini kwa kucheka. Wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika. Nami sikukumbuka wahenga wakati huo.

Mama alifariki mwaka wangu wa pili pale. Aliugua figo muda mrefu, na kila Jumapili dada yangu aliniwekea simu sikioni mwa mama. Nilikuwa siwezi kwenda. Maombi yangu ya makaratasi ya ukaazi yalikuwa bado yanashughulikiwa, na wakili aliniambia wazi, ukitoka hurudi. Nilikuwa na watoto wawili shuleni. Basi nikabaki nikituma salamu.

Simu ilikuja asubuhi, nikiwa nakoroga uji wa mzee jikoni. Dada alipumua tu, nikajua.

Lazima nieleze mama yangu alivyokuwa akilia, maana ndiyo kesi yenyewe. Kwetu kuna wanawake wa kupiga mayowe hadi kijiji cha pili wasikie. Mama hakuwa hivyo. Akipata habari ya msiba, alivua viatu, akajifunga leso kiunoni, akaikaza sana, akaketi chini miguu imenyooka. Kisha alipigapiga ardhi kwa kiganja cha kushoto, taratibu, kama anayeamsha mtu, na kumuuliza marehemu mambo ya nyumbani. Kuku umemwachia nani? Maharage uliyoyaloweka jana nani atayapika? Unaondokaje hujamaliza chai? Majirani walisema yule halii, anahoji. Lakini alipoanza yeye, hata wanaume waliinamisha vichwa. Hakuna mwingine aliyelia vile, si pale kwetu, si popote ninapopajua.

Nami asubuhi ile sikupanga kitu. Nilizima jiko. Nikavua viatu. Leso sikuwa nayo, nikavuta kitambaa cha meza kwenye kapu la nguo safi, nikajifunga, nikakaa sakafuni na kumuuliza mama kuku kamwachia nani. Sijui nilikaa muda gani. Nilipoinua macho, mzee alikuwa mlangoni, ameegemea kitembeleo chake cha miguu minne. Alikuwa hajafika jikoni peke yake kwa mwezi mzima.

Alisubiri. Nilipotulia, akauliza, kwa Kiingereza chake cha upole, "Ilikuwaje?"

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili lilikuwa la malezi yetu. Kwetu kila anayekuja kwenye msiba huuliza ilikuwaje, na mfiwa husimulia tangu mwanzo: ugonjwa ulianza hivi, tukaenda hospitali ile, siku ya mwisho akasema hivi. Akija mwingine, unaanza upya. Unasimulia mara hamsini, na kila mara uzito unapungua kidogo. Anayeuliza anakutua mzigo. Huku wenzangu Wakenya walikuja Jumamosi, Mungu awabariki, wakaomba, wakaleta pilau na chapati, lakini kila mmoja alikuwa na shifti ya kuwahi, huyu hospitali ya Coon Rapids, yule uwanja wa ndege. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza ilikuwaje.

Mzee aliuliza. Akauliza na kesho yake, na keshokutwa. Kwa nini kiganja cha kushoto? Kwa sababu mkono wa kulia mama aliushikia tumbo. Leso inakazwa kwa nini? Ili mgongo usivunjike kwa huzuni, ndivyo alivyosema yeye. Sauti inapanda au inashuka anapotaja kuku? Inashuka. Nilimsimulia kila kitu, na nikarudi nyumbani mwepesi. Niliwaambia watoto wangu kwamba yule mzungu ana utu kuliko watu wengi tunaoabudu nao.

Miezi michache baadaye, vijana wa Minneapolis wakaja kumwomba acheze filamu yao ndogo. Ni hadithi ya mkulima mzee anayefiwa na mke. Mzee alikubali papo hapo, na kwa siku nne binti yake alimpeleka kwenye nyumba moja huko Saint Paul kurekodi. Mimi walinipa mapumziko. Mzee ndiye aliyesema nipumzike.

Filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza, nilikuwa nimekaa kando ya kiti cha magurudumu alichotumia akitoka nyumbani, nimevaa gauni langu la kanisani. Katikati ya filamu simu ya ukutani inalia, mkulima anapokea, anaweka chini. Anavua viatu, anabaki na soksi za kijivu. Anavuta kitambaa cha meza, vikombe vinaanguka, anajifunga kiunoni na kukikaza. Anashika kiti, anajishusha sakafuni taratibu, miguu imenyooka. Kiganja cha kushoto. Kisha kwa Kiingereza, sauti ikishuka, anamuuliza mke wake kuku kamwachia nani.

Ukumbi mzima ulikuwa unafuta machozi. Mwanamke wa nyuma yetu alilia kwa sauti. Mimi nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele za watu, kisha nguo zenyewe zikapigiwa makofi. Na walisimama kupiga makofi. Mzee akainua mkono kuwashukuru, na hakunitazama.

Asubuhi yake nilimpima sukari kwanza, maana kazi ni kazi. Kisha nikamwambia, "Mzee, kile kilio ni cha mama yangu."

"Najua," akasema. "Ndiyo sababu nilijitahidi kisiharibike."

"Mbona hukuniomba?"

"Ungekataa."

Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayekwambia nje kuna baridi. Kisha akanisimulia juu ya baba yake, yule muuza samaki. Alifia orofani juu ya duka, akichomoachomoa nyuzi za blanketi kwa vidole viwili, mdomo ukijaribu kutaja bei za samaki. Mzee alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimshika baba mkono, na huku anamshika alikuwa anatazama vidole. "Kifo cha baba yangu nimekifa mara kumi na moja kwenye filamu," akasema. "Mara ya kwanza niliona haya."

Nikamuuliza, "Na sasa ukimkumbuka baba yako akifa, unamwona nani?"

"Najiona mimi," akasema.

Hapo ndipo nilipomchukia hasa. Angekuwa hajui, ningemsamehe, ningesema ni mzungu, hajui. Lakini alijua. Alishawahi kupoteza hicho hicho, akajua kinavyouma na kwamba hakirudi, na bado akaja na kitembeleo chake mpaka mlangoni, akaniuliza ilikuwaje. Niliendelea kufanya kazi pale kwa sababu kodi haingoji hasira. Nilimpa dawa zake saa sita. Sikumsimulia kitu tena, hata nilichokula.

Alifariki mwishoni mwa majira ya baridi, siku ambayo sikuwa zamu. Kwenye ibada ya kumkumbuka waligusia kidogo uhakimu na ukasisi wake wa filamu, halafu wakaonyesha kile kipande, chote, kuku na kila kitu. Binti yake akanikumbatia akasema ndiyo kazi bora ya maisha ya baba. Nilimwambia pole.

Filamu ikaingia mtandaoni, na haikuchukua muda dada yangu akaipata. Alinitumia ujumbe wa sauti, analia na kucheka kwa pamoja. "Nimemwona mama," akasema. "Wallahi nimemwona mama ndani ya mzungu." Hata hatuapi hivyo kwetu, ni Mkristo yule, ila maneno yalimponyoka. Akauliza kama mimi ndiye niliyemfundisha. Nikajibu ndiyo. Basi ikawa shukrani. Walimwekea baba kila jioni baada ya chakula, naye akamwambia dada kwamba huyo mzee Mungu amlaze pema, amemrudishia mke wake. Hakumtambua kabisa kuwa ni yule mkuu wa wilaya. Ningewaambia nini? Kwamba wenzangu mmepewa mama, na mimi nimenyang'anywa? Kila nikifumba macho kumtafuta akiwa amekaa ardhini na leso yake, naona soksi za kijivu nilizomvisha mzee mimi mwenyewe.

Makaratasi yangu yalitoka mwaka jana. Baba aliugua wiki mbili tu, akafa, na safari hii niliweza kwenda. Tulitua Nairobi, tukashuka mpaka Voi, tukapanda milima, na njia nzima nilijiambia kwamba huyu nitamlia kwetu, chini, kwenye ardhi aliyoilima, na watu wangu wakiwa karibu. Niliamini hiyo ingeniponya. Mtoto aliyetoka mbali husubiriwa langoni, kila mtu anajua ataingia akilia, na wanawake walikuwa wamekaa wananingoja.

Nilivua viatu. Shangazi alinipa leso, nikaikaza kiunoni, nikaketi miguu imenyooka. Nikaweka kiganja cha kushoto ardhini, nikamuuliza baba ng'ombe amemwachia nani. Ua wote ukanyamaza, kama ulivyokuwa ukinyamaza kwa mama.

Ndipo nikamsikia mtoto mmoja wa dada yangu, hakuwa na ubaya wowote, anamnong'oneza mwenzake nyuma yangu, "Ona, mama mdogo wa Amerika analia kama yule mzee wa sinema."

Mkono ulikuwa hewani. Nikautazama, na sikujua niushushe kama nani. Nikauweka pajani. Shangazi yangu akanishika bega akaniambia, "Basi, mwanangu, umelia vya kutosha," naye akaanza kuwaita wanawake waje wanipokee mizigo.